Bwawa la Fundi

Juzi niliingia duka la mbao hapa Mesquite, Marekani, harufu ya mti mbichi uliokatwa ikanisimamisha palepale mlangoni. Msinicheke. Ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo Bibi kutoka bondeni, mwaka ule wa 2018, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Bibi, mzaa mama, aliletwa kutoka Muheza aje akae nasi. Mama alishinda kazini kwenye ghala la mizigo, mimi shuleni, naye akabaki na televisheni asiyoielewa. Hadi siku alipokiona kijito bondeni, nyuma ya apatimenti zetu. Biva, wanyama wa majini kama panya wakubwa, walikuwa wamekiziba kwa matawi na tope, maji yakatuama, yakaja na kobe, samaki na korongo. Bibi hakuwahi kumwona biva maishani mwake. Alimtazama mmoja akiangusha mti kwa meno, akampa jina la Fundi. Fisi maji walipofuata samaki, hao aliwajua tangu Mto Pangani, akawa anawaamkia kama majirani. Basi akanunua magimbi, akakata vichwa vyake, akavipanda ukingoni. Mama alisema hajamwona na furaha ile tangu atue Marekani.

Mvua zilipozidi, Fundi akaongeza ukuta wake, na maji yakapanda. Nilirudi shule nikakuta magimbi yamesimama majini. Nikajua bustani ya Bibi inazama. Sasa, nyumbani kwetu msemaji nilikuwa mimi. Barua za shule, simu za benki na za kliniki, zote nilizijibu mimi, nimeikaza sauti nijifanye Mama. Nikapiga simu ofisi ya apatimenti. Nikalalamika kwa sauti hiyohiyo, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba bwawa linazamisha bustani yangu, kisha nikajiona mtu mzima kweli.

Jumamosi moja wakaja wanaume wawili na mitego, wakarudi baada ya siku chache na tingatinga dogo. Bwawa lilibomoka haraka sana. Samaki walibaki wakirukaruka kwenye tope. Fundi alikuwa tayari amefia mtegoni, wakambeba ndani ya mfuko mweusi. Bibi alisimama kajitanda khanga, kanishika bega.

“Waulize, mwanangu, nani kawaita?”

Niliwauliza. Mmoja akanijibu kwa upole kwamba kuna mama wa jengo letu alipiga simu, ana wasiwasi na bustani yake.

“Wanasemaje?”

“Wanasema hawajui, Bibi.”

“Magimbi yanataka maji,” alisema taratibu. “Ndiyo maana niliyapanda pale. Huyo mtu kanionea gere tu.”

Joto la Julai liliyakausha yote. Korongo walihama, fisi maji hatukuwaona tena, na kijito kikawa mfereji wa kupitisha chupa za plastiki. Mwaka uliofuata Bibi aliomba arudishwe kwao, na huko ndiko tulikomzika.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu ni ile simu. Ile ilikuwa akili ya mtoto, na najua angenisamehe, pengine angenitania mpaka siku zake za mwisho. Nilichelewa kuelewa kwamba katika nchi hii nzima Bibi hakuwa na njia ya kuupata ukweli ila kupitia kwangu. Nilimnyima. Aliondoka Marekani akiamini kuna jirani aliyemchukia.