Kidole cha Stela

Dokta Ruaa Ghalibu alikuwa amenyimwa ruzuku mara nne, na kila mara alinyimwa kwa adabu. Barua zote zilianza kwa kumshukuru kwa ombi lake zuri, kama mchumba anayeachwa huku akisifiwa mapishi. Mara ya kwanza walisema utafiti wake ni mpana mno. Akaupunguza. Mara ya pili wakasema ni mwembamba mno. Mara ya tatu walikaa kimya mwaka mzima, kisha wakaomba radhi kwa kuchelewa kumkataa. Mara ya nne walimwita Bwana Ghalibu, naye ni mwanamke.

Ni daktari wa ngozi, mzaliwa wa Ng'ambo pale Tabora mjini, katika ukoo wa Kiomani ambao hadi leo unasimulia jinsi babu mkuu alivyofika na msafara kutoka pwani akitafuta pembe za ndovu. Mjukuu naye anatafuta, ila yeye ni ruzuku. Kazi haijabadilika sana: mali iko mbali, unangoja miezi, na mwenye kubeba mzigo hatajwi.

Wabeba mzigo wa safari hii ni wakulima wa tumbaku wa Ulyankulu. Wanachuma majani mabichi kwa mikono mitupu, utomvu unaganda viganjani mweusi kama lami, jioni wanausugua kwa mchanga na majivu. Baada ya misimu kumi ngozi inapasuka, inawasha, inatoa maji. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Ruaa na nesi wake, Masolwa, walikwenda huko kwa gari la kuazima kuwatibu. Mwenye gari alishasema: mwisho Juni. Bila ruzuku, hakuna kliniki. Na mfuko pekee uliobaki, wa huko Ulaya, ulikuwa haupokei mtafiti aliyetimiza miaka arobaini. Ruaa alikuwa anaitimiza Mei. Hii ilikuwa Machi.

Sharti la mfuko lilikuwa jepesi, kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka. Wagonjwa arobaini wa awali, kila mmoja athibitishe ridhaa yake kwa kuweka kidole kwenye kishikwambi walicholeta wao. Mwisho Ijumaa, saa kumi kamili jioni.

Ijumaa hiyo saa tatu asubuhi watu walikuwa wamejaa kwenye ghala la chama cha msingi, penye harufu ya tumbaku inayokuna koo. Masolwa alikaa nje barazani na kishikwambi. Ruaa alikaa ndani, akipima mikono na kuandika.

Wa kwanza kuweka kidole alikuwa Esperansi Nduwimana, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye viganja kama gome la mninga. Kishikwambi kikatafakari. Kisha kikasema, kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri: "Kidole hakitambuliki. Tafadhali safisha kidole."

Esperansi akanawa. Kikasema vilevile. Akapakwa limau, akapakwa mafuta ya taa, akajifuta kwa kanga ya jirani.

"Tafadhali safisha kidole."

"Huyu msichana ananisema mimi mchafu?" Esperansi akauliza.

"Anasema na wengine pia, mama," Masolwa akamtuliza. "Hana ubaguzi."

Hadi saa sita walikuwa wamepita ishirini na wawili. Wengine kumi na wanane walikataliwa, na Ruaa alipotoka kuwatazama alielewa mara moja. Michirizi ya vidole vyao ilikwishaliwa na ugonjwa. Vidole vilikuwa laini kama kokoto za mtoni. Mashine iliwapokea wagonjwa wenye nafuu na kuwafukuza waliougua hasa.

Akaupigia simu mfuko. Kijana mwenye Kiswahili cha darasani akamsikiliza hadi mwisho, akasema anaelewa sana, ila mfumo ndio mfumo.

"Masolwa, jaribu vidole vyote kumi," Ruaa akasema. "Jaribu hata vya miguu." Akarudi ndani kwa hasira, maana foleni ya kupimwa ilikuwa bado.

Saa tisa na dakika kumi Masolwa aliingia ndani anang'aa uso mzima. "Dokta, arobaini! Wametimia!"

Ruaa aliruka, akamkumbatia, jambo ambalo si la kwao wala la kazini. Akakishika kishikwambi, akapitisha majina kwa kidole. Wote wana alama ya kijani. Alipofika kwa Esperansi, furaha ikasita.

Akatoka barazani. "Mama Esperansi, shikamoo tena. Hiki kidole chako kimekubali?"

"Marahaba. Kimekubali, mwanangu."

"Kipi?"

"Cha Stela."

Stela alikuwa ameketi kando na beseni lake la maandazi, msichana mwenye viganja vyeupe vya unga, hajawahi kushika jani la tumbaku. Aliinua dole gumba kwa aibu kidogo, kama mtu anayetajwa kanisani kwa kuchangia bati.

"Ni mimi, daktari. Hata laini zao za simu nimewasajilia mimi. Mashine haiwataki, sasa wangepigaje simu? Hapa kijijini ukikosa kidole unaazima."

"Umeweka kwa wangapi?"

"Wote kumi na wanane. Nilikuwa sina wateja."

Ruaa akamgeukia Masolwa. Masolwa akatazama dari, ingawa walikuwa nje.

"Ulijua?"

"Nilijua na sikujua. Dokta, tusizunguke. Watu ni wa kweli. Ugonjwa ni wa kweli. Wamekubali kwa midomo yao mbele yangu. Kidole tu ndicho cha jirani. Nani atatoka Ulaya kuja kukagua dole gumba la muuza maandazi?"

"Mashine itakagua."

"Mashine imekubali!"

"Imekubali leo. Siku ikigundua watu kumi na wanane wana kidole kimoja, hawatasema Ruaa ni mwongo, wakaishia hapo. Watasema hawa watu hawakuwepo."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Baba mmoja aliyekuwa akijikuna aliacha kujikuna.

"Ukifuta tunabaki na ishirini na wawili," Masolwa akasema taratibu. "Tumekufa. Juni hii tumekufa, na wewe Mei umezeeka."

"Nimesikia."

Esperansi akavuta kigoda karibu. "Daktari, mimi nilizaliwa humuhumu Ulyankulu. Kwa kuwa wazazi walitoka Burundi, nikaambiwa ni mkimbizi. Uraia nimeupata nina wajukuu. Najua kuwepo bila karatasi, na najua wanavyokutazama karatasi ikiwa na doa. Futa. Ila waandikie kwamba tupo."

Ruaa akafuta. Jina moja moja, kumi na nane, kila jina likiuliza kama ana uhakika. Lilipofika la mwisho ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tatu, na kishikwambi kikatangaza kwa ile sauti ya adabu kwamba ombi halijakamilika. Chini palikuwa na kisanduku kidogo: Sababu. Mistari mitano, isizidi.

Akaandika kwamba watu kumi na wanane wameliwa alama za vidole na ugonjwa uleule ambao ombi hili linataka kuuchunguza. Akapiga picha za vidole thelathini na sita, viwili kwa kila mtu, Masolwa akimulika kwa simu na kuhesabu dakika kwa sauti hadi akaambiwa anyamaze. Mtandao ukaganda. Masolwa akapanda juu ya mitumba ya tumbaku na kishikwambi mkononi, akakinyanyua kama padri na komunyo. Saa tisa na dakika hamsini na nane, kikalia: Limepokelewa.

Hakuna aliyeshangilia. Hawakujua kama wamepeleka ombi au ungamo.

Wiki tatu baadaye aliitwa kwenye usaili kwa njia ya video. Alikaa katika chumba kidogo hospitalini Tabora, Esperansi pembeni yake na gauni la Pasaka. Kwenye kioo walikuwa watatu, yule kijana wa Kiswahili cha darasani akitafsiri. Mwenyekiti, mama mwenye miwani mnyororoni, hakusalimia sana.

"Dokta Ghalibu, mfumo wetu unatunza kila kitu. Saa tisa na dakika kumi ulikuwa na wagonjwa arobaini. Baada ya nusu saa ukawa na ishirini na wawili. Wengine walikwenda wapi?"

Ruaa angeweza kusema mtandao. Tanzania nzima husingizia mtandao.

"Hawakwenda popote. Kidole kilikuwa cha mtu mmoja, amewaazima. Nilipogundua, nikafuta."

Mmoja wao akaandika kitu. Ruaa aliutazama mkono ule ukiandika, akaona Mei inakuja na tarumbeta.

"Na tutajuaje kwamba hao wengine walikubali?" mwenyekiti akauliza.

Kabla Ruaa hajajibu, Esperansi alisogea hadi uso wake ukajaa kioo kizima, akaviinua viganja vyote viwili. "Niulize mimi. Nina mdomo."

Mwenyekiti akavaa miwani. Akamuuliza. Esperansi akajibu, robo saa nzima, na hapakuwa na binti wa kumwambia asafishe chochote.

Barua ilikuja Aprili tarehe ishirini na nane. Haikumshukuru kwa ombi zuri. Ilisema amepewa miaka mitatu, na kwamba ridhaa itapokelewa kwa sauti mbele ya shahidi. Ruaa aliisoma mara tatu akitafuta neno "hata hivyo". Halikuwepo.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliofuata aliwasomea Ulyankulu mpango wenyewe. Walipiga makofi kwa adabu, kwa mikono inayouma.

"Na glovu za kuchumia?" Esperansi akauliza.

"Zimo, mama. Mwaka wa pili."

"Wa kwanza je?"

Ruaa akashuka na karatasi kwa macho. "Warsha," akasema kwa sauti ndogo. "Uzinduzi. Na warsha nyingine ya kutathmini uzinduzi."

Esperansi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya bamia. "Sawa. Basi iambie tumbaku itusubiri."

Ruaa akaikunja karatasi, akatoka nje palipo na mtandao, na kumpigia yule kijana wa mfumo.