Kitanda Dukani

Wifi yangu, mke wa kaka, huuza magauni ya mitumba kwa simu, na duka lake lilikuwa chumba chao cha kulala. Magauni yalining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na pazia la bluu ndilo lililokuwa nyuma ya kila picha. Akipiga picha gauni, huweka kidole palepale penye kasoro: "Hapa pana tundu. Hapa zipu inasumbua. Ukinunua usije kunililia." Watu humwamini kwa kidole hicho. Ukurasa wake wa mtandaoni ndio unaosomesha watoto, maana mshahara wa kaka, mlinzi wa usiku, huishia kwa mwenye nyumba.

Basi waheshimiwa wakaamka siku moja wakagundua kuna watu wananunua vitu kwenye simu. Hongera zao. Wakatunga sheria ya kutukinga na matapeli: mnunuzi anaweza kurudisha bidhaa ndani ya wiki moja bila kuulizwa sababu, na kila muuzaji awe na mahali pa biashara penye kibao, pakaguliwe. Asiyekuwa napo, ukurasa wake ufungwe. Matapeli, ambao wana ofisi nzuri zenye viyoyozi, hawakupata taabu yoyote.

Wifi akapigilia kibao kwenye mlango wa chumba. Mkaguzi akaja, mtu wa makamo, viatu vinang'aa kuliko kioo chetu. Akakuta magauni, pazia, na kaka yangu kitandani anakoroma.

"Huyu nani?"

"Mlinzi," wifi akasema bila kupepesa macho.

"Analala kazini?"

"Zamu yake ni usiku, bosi."

Hakusema uongo hata chembe. Mimi nilitoka nje kucheka, nikijua tumeshapona. Niliporudi, mkaguzi alikuwa anagonga mbao za kitanda kwa kalamu.

"Duka halilaliwi, mama. Hiki kitoke. Nikirudi nikakikuta, nafunga ukurasa."

Tukakisukuma sebuleni. Hakikuenea, hata tulipokisimamisha kwa ubavu. Watoto hulala humo; ama kitanda, ama wao.

"Si ukiuze, basi!" kaka akafoka, akitegemea kubembelezwa. Maskini kaka yangu. Wifi alikuwa na ada ya kulipa, akachukua simu.

Kilikuwa kitanda cha harusi yao. Kikawa bidhaa ya kwanza ya duka halali, lenye kibali na baraka zote za serikali. Akaweka kidole kwenye chaga iliyopasuka, akaandika: "Chaga moja imefungwa kamba. Godoro halimo. Kimelaliwa na watu wawili kwa amani."

"Andika na aliyeivunja chaga," nikamtania.

Picha ilikuwa imetoka na ukungu; akaifuta chaga kwa upindo wa kanga, akapiga nyingine. Nilijuta kufungua mdomo wangu.

Kilinunuliwa siku hiyohiyo. Sasa kaka hulala mchana kwenye mkeka sebuleni, watoto wakimruka kwenda jikoni, huku magauni yakipumzika chumbani kwa raha zao. Wiki ile nzima, kila simu ya mkewe ilipolia, aliinua kichwa.

"Wanakirudisha?"

Sheria ilikuwa inawaruhusu, tena bila kuulizwa sababu. Hata sijui angekiweka wapi.

"Hawakirudishi," wifi akamjibu, akikunja gauni. "Niliwaonyesha kasoro zote."