Jina Moja kwa Picha ya Watu Wanne

Iko siku moja ya Durban, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo damu inanichemka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami ni msichana mkimbizi, nikijifunza kuchora kwa Papa Ngoy, Mkongo mwenye karakana kule Jacobs, katikati ya viwanda. Tulifanya kazi kama ilivyo desturi kwetu: mzee huchora mistari na nyuso, wanafunzi tunajaza yaliyobaki. Katika picha yetu moja, Karamu ya Mwisho ya Yesu, Mado alipaka mavazi, Shabani meza na mikate, mimi nikahangaika na mikono ya mitume wote. Na mikono, ukitaka kujua, ni adhabu.

Akaja profesa mmoja kutoka chuo kikuu cha Westville, anatafuta picha ya maonyesho makubwa. Sisi tuliishi kwa kupaka mabango ya saluni. Tuliona riziki imebisha hodi. Akaipenda picha yetu. Kisha akauliza nani kaichora.

"Sisi wane wote," Papa akajibu.

Uso wa profesa ukabadilika. Akatufungulia kitabu cha wachoraji wa Italia wa zamani, wale waliopamba makanisa, akasema hao ndio majiniasi, kila mmoja na mkono wake. Picha ya watu wanne ni bidhaa ya kiwandani. Papa aandike jina lake peke yake, au picha ibaki.

Mkono wake, wapi! Nani aliwasagia rangi? Nani aliwajazia mavazi na mawingu? Wale mabwana walikuwa na karakana zilizojaa vijana, na profesa alilijua hilo vizuri. Hicho ndicho kilichoniuma.

Papa akachukua brashi, akaandika majina yote manne. Profesa akaondoka, na picha ikabaki.

Nikalia kwa hasira. "Wale Wataliano ni wezi! Hawakuwa na kipaji chochote!"

Papa akanigeukia, mkali kuliko alivyokuwa kwa mgeni. "Eish, binti, funga kinywa! Ule mwenye alichora zile sura, hata miye siwezi kumufikia. Usimunyang'anye mutu kipaji chake sababu bengine balinyang'anywa majina."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi wasifu wale Wataliano, mwanangu, maana walistahili. Lakini mtu akikuambia walisimama peke yao, mkatalie usoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala hakipambi dari la kanisa. Na wakikuita uingie kwa sharti la kuwafuta wenzako, baki nje nao, hata kama ni njaa. Sisi tulibaki, na njaa tuliiona.

Mungu akupe kipaji kikubwa kuliko changu, akupe na wenzako wa kazi. Na siku utakapokula sifa ya mwenzako, akunyime usingizi mpaka uirudishe. Amina.