Moshi wa Hoho Kituoni kwa Nevyana

Ilikuwa mwaka themanini na saba. Hapana, nakosea, themanini na nane, maana mumewe Nevyana alikuwa ameshazikwa na kituo alikuwa akikilinda peke yake.

Kituo chenyewe, cha kupima uchafu wa hewa, ni kibanda cha mawe juu kabisa mlimani, na bomba la kunusia hewa, na kalamu inayochora kwenye karatasi usiku na mchana. Mimi nilikuwa nanoa visu kijiji kwa kijiji, na kila Septemba nilipanda kwake. Mwendo wa saa nne kwa kisu kimoja, lakini nani mwingine angeongea naye?

"Babu Mincho, utakinoa mpaka kiwe sindano."

"Basi utashonea."

Nikamuuliza moshi wote wa viwanda vya bondeni huishia wapi. Akasema jua likipiga unyevu hewani, huzaliwa kitu kidogo mno, hakiishi hata sekunde. Kinaukamata uchafu, kinaugeuza, chenyewe kinaisha. Mvua inateremsha mabaki. "Uchafu mwingine huondoka kwa saa chache, mwingine miezi. Kinafanya kazi, na hakuna anayekiona."

"Kama wewe," nikasema. Hakucheka.

Akanionyesha barua kutoka ofisi kuu, jijini Sofia: vipimo vikiharibika mara moja tena, kituo kinafungwa. "Wakinishusha mjini, babu, nitakaa na nani? Hapa angalau nina kalamu."

Asubuhi akaenda kuteka maji. Nilikuwa nimembebea gunia la hoho nyekundu, na Septemba kwetu nyumba isiyonukia hoho za kuchoma utadhani ina msiba. Nikataka kumfurahisha. Nikawasha moto chini ya kipande cha bati, nikazipanga hoho juu yake, ukutani, pasipo na upepo. Bomba lilikuwa juu ya kichwa changu. Sikuliangalia.

Aliporudi alisimama, akanusa, akaingia ndani. Kalamu ilikuwa imechora mlima.

"Futa," nikamwambia.

"Wino haufutiki, babu."

Akaandika pembeni: moshi wa hoho. Tukazimenya, tukala na jibini. Mchana mstari ukaanza kushuka wenyewe.

Novemba wakakifunga. Walisema mlinzi anapikia chini ya bomba. Niliandika barua kwamba ni mimi, yeye hakuwepo, nikaipeleka posta kwa mkono wangu. Septemba iliyofuata nilipanda, nikakuta kufuli. Tangu hapo nimeuliza kila ofisi niliyopita: ile barua yangu, kuna aliyeifungua?