Alama Saba Uwanjani

Nyasi zikiganda kwa baridi, mtu akizikanyaga huvunjika, kisha hukauka. Ndiyo maana mimi, mtunza uwanja wa gofu hapa London, nawaomba wanachama wasicheze asubuhi za barafu. Wiki iliyopita mkutanoni niliwaonyesha picha ya alama saba zilizokauka, nikamlaumu mchezaji asiyejali. Walikuwa karibu kukubali.

Mama Esta, Mkongomani wa jikoni, alileta chai, akaitazama ile picha.

"Papa Hamadi, ile ni magoti, mikono, vidole vya miguu na kipaji cha uso. Si ni weye ulisali pale?"

Kweli nilisali pale alfajiri, gizani, juu ya mswala mwembamba.

"Anasemaje?" mwenyekiti aliniuliza. Wote wakanigeukia, wakisubiri niwatafsirie.