Hedifoni za Karani wa Malalamiko

Sikio lilipomuuma, karani wa malalamiko aliacha vile visikizi vidogo vya kuchomeka, akanunua hedifoni kubwa kama vibakuli. Kila asubuhi huzifuta kwa leso, hupandisha sauti, kisha huandika malalamiko ya watumishi yaliyorekodiwa. Hedifoni hizo huvujisha kila neno. Wenzake hunyamaza wakatega masikio, naye hudhani wamepata adabu.

Leo bosi amemjia mezani. “Dada, nani kanishtaki?”

Karani akazishusha shingoni bila kuzima rekodi. “Siri ya mtu ni amana, bosi. Hata unikate ulimi, simtaji.”

Shingoni mwake, sauti ya mfagizi wanayemjua wote ilikuwa ikieleza bosi alivyomvizia stoo, na kuomba jina lake lisitajwe.