Siku Klarineti Ilipoelekezwa Ziwani

Nilipokuwa mtoto, kwetu Lipingo hakuna aliyethubutu kupuliza kitu akiwa amelielekea ziwa. Si filimbi, si mluzi, si hata kikonyo cha jani la mpapai. Ukipuliza huku unayatazama maji, unauita mwera, ule upepo wa kusini unaopindua mitumbwi. Bibi yangu mzaa mama alilishika jambo hilo kuliko amri za kanisani. Siku moja alinichapa kofi la mgongoni kwa sababu nilikuwa napuliza uji wa moto na uso wangu uko ziwani. Uji, jamani! Nilipoanza kulia akasema, "Lia, lakini geuka kwanza."

Sasa ajabu ni kwamba mwanamke huyohuyo alizaa mpiga klarineti. Mjomba Wilfredi, kitinda mimba wake, alipuliza miaka mingi katika bendi moja ya jazi kule Songea. Kisha biashara huria ikaruhusiwa, vikaingia vinanda vya umeme na redio kaseti za kila namna, na mwenye bendi akaona kinanda kimoja kinatosha kazi ya watu watano. Mjomba akarudi nyumbani na kisanduku cheusi. Bibi akakipokea na kukisukuma uvunguni mwa kitanda chake. "Hapa wanawake wana waume zao majini," alimwambia. "Kalime."

Mjomba akalima mihogo miaka mitatu. Mara nyingine nilimwona amesimama shambani, vidole vinachezacheza kwenye mpini wa jembe, nami nikamcheka. Sikujua kuwa nilikuwa namcheka mtu mwenye huzuni.

Ndipo akaja Bwana Kanisius. Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, kule milimani, mmoja wa wale walioanza kununua kahawa kwa leseni zao wenyewe, na ujana wake wote aliucheza kwa jazi. Alisema hataki kufa kabla hajaisikia tena. Akawakusanya wazee wa ile bendi ya Songea, saksafoni mbili, gitaa na ngoma, akatangaza tamasha ufukweni kwetu, Jumamosi mchana, ili watu wa milimani nao waone ziwa. Akaongeza kwamba bila klarineti ya Wilfredi hakuna tamasha.

We, ile wiki! Mama alifua gauni langu mara mbili na lilikuwa safi tangu mwanzo. Shuleni tulipiga saksafoni za midomo mpaka mwalimu akachoka kutufukuza. Nyumbani Mjomba alimbembeleza mama yake siku tatu, hali chakula. Siku ya nne Bibi akainama uvunguni, akakivuta kisanduku, akakifuta vumbi kwa khanga yake. "Utapiga," akasema. "Lakini mgongo kwenye maji."

Jumamosi ikafika. Lori la kahawa likashuka na bendi na Wamatengo waliovaa makoti kwenye jua letu, sisi watoto tukalikimbilia huku tunapiga kelele kama wehu. Baba yangu na mwenzake walikuwa wameshaingia ziwani tangu asubuhi. "Wageni hawawezi kula mihogo mitupu," alisema akiaga, akaahidi kurudi na samaki aina ya mbasa kabla ngoma haijaanza.

Jukwaa walilijenga vijana wa Bwana Kanisius, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kwao milimani, mwenye la kusema husimama upande wa juu wa mteremko, na wasikilizaji hukaa chini ili wamwone. Basi wakajenga juu, karibu na ukuta wa kanisa, na mabenchi wakayapanga chini mchangani. Mpuliza saksafoni akisimama pale, ameliangalia ziwa uso kwa uso.

Bibi alipofika akashika kichwa. "Geuzeni hilo jukwaa!"

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Kanisius kwa adabu. "Limeshapigiliwa misumari. Na upepo hauna masikio."

"Marahaba. Wewe umezaliwa kwenye mibuni, baba. Utayajua wapi ya maji?"

Mjomba hakubishana na mtu. Akapanda jukwaani, akatupa mgongo sisi sote na kuutazama ukuta. Watu wakapiga kelele, "Tuone uso!" Saksafoni zikaanza. Mungu wangu, sauti ile! Niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Wazee waliokuja na mikongojo wakaiweka chini wakashikana mikono na wake zao. Klarineti ikaingia juu yake, nyembamba, inacheka, inalia, na mimi nikaruka mpaka kiatu kikanitoka. Wimbo wa pili, bega la Mjomba likaanza kugeuka. Wa tatu, akageuka mwili mzima, macho ameyafumba, klarineti imeelekea ziwani moja kwa moja. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Nikasikia khanga ya mama inapiga miguu yangu. Mwera. Ulikuja na manyunyu na ukungu kutoka kusini, na muda si muda mawe ya rasi yalikuwa yametoweka, maji yamechafuka meupe.

"Baba Agnesi yuko huko," mama akasema. Agnesi ni mimi.

Muziki ukakatika wenyewe. Watu wote wakamgeukia Mjomba, maana yeye ndiye mwenyeji aliyeujua mwiko, nami nikamchukia kwa moyo wangu wote. Alipiga magoti, akaanza kukirudisha chombo chake kisandukuni. Bibi akapanda jukwaani.

"Unafunga nini?"

"Mama, nimekosa."

"Umekosa, ndiyo. Umeuita upepo na umekuja, kumbe chombo chako kinasikika. Sasa mwite shemeji yako." Akawageukia wenye saksafoni. "Na nyie! Shukeni majini, mpulize!"

Wakashuka wote pamoja na Mjomba mpaka maji yakawafika magotini, wazee wa watu na suti zao. Wakapiga bila kupumzika. Hakuna aliyecheza. Bibi alisimama nyuma ya mwanawe akimpigia makofi ya kushika mwendo, na kila alipolegea alimwambia, "Usiache." Midomo ya Mjomba ilitoka damu. Mimi nilimshika mama khanga na kusali Baba Yetu, nikifika katikati naanza upya.

Kisha pua ya mtumbwi ikatokea kwenye ukungu.

Baba alishuka amelowa chapachapa, mwenzake nyuma yake. "Tulikuwa tunakwenda kwenye mawe," akasema. "Hatuoni kitu. Nikasikia ule mlio mwembamba, nikasema huyo ni Wilfredi, nyumbani ni huku." Bibi akageuka pembeni, kama adabu ya mkwe inavyotaka, akauambia mchanga, "Mwulizeni mkwe wangu, samaki wako wapi?" Watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo dansi lilipochezwa kweli.

Leo najua mwera huvuma kila mwaka miezi ile hata kama hakuna aliyepuliza uji. Bwana Kanisius alisema siku ile imeonyesha kuwa ni imani tu. Bibi alisema imeonyesha kuwa yeye hakukosea. Mimi sijaamua, na sina haraka. Ninachojua ni kwamba kisanduku hakikurudi uvunguni. Mtumbwi wowote ukichelewa, Bibi alikwenda kugonga mlango wa mwanawe: "Wilfredi, njoo na chombo chako."

Tulipomzika Bibi, kaburi karibu na ufukwe, Mjomba alitoa klarineti akasimama mgongo kwenye maji, kwa heshima ya mama yake. Baba, mzee sasa, akamshika mabega akamgeuza taratibu. "Elekea ziwani," akasema. "Ndivyo alivyokuagiza." Wakati anapiga nilielewa kwamba makatazo yote ya Bibi, hata lile la uji, yalikuwa hofu ya mwanamke mwenye watu wake majini. Tukasimama tunaliangalia ziwa, watu wazima wote, kama vile kuna mtumbwi mmoja haujarudi.